Sura ya Mungu na Uso wa Mchukuzi

Masomo: Mwanzo 1:26-31, Yakobo 3:7-12



Mwezi huu tumechagua neno moja tu la kujifunza, nalo ni "sura". Tumelichagua kwa kuwa limehubiriwa mara nyingi hapa kwetu Kurasini. Kila mhubiri asemapo kwamba sisi tumeumbwa kwa sura ya Mungu, watu huitikia "Amina" kwa furaha. Kisha twarudi majumbani, na mambo yanaendelea kama yalivyokuwa. Mahubiri yanayopata Amina kubwa namna hiyo yakamwacha mtu vile vile, yafaa yachunguzwe.

Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliwahi kutuuliza: Je, Mungu ana pua? Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki, maana kwa Kiswahili chetu cha kila siku sura ni uso. Twasema binti huyu ana sura nzuri, au mtoto amechukua sura ya baba yake. Mungu ni Roho, hana pua wala macho. Hata hivyo mtoto yule alikuwa karibu na maana kuliko wengi wetu. Tazama Mwanzo 5:3: maneno yale yale, sura na mfano, yanatumika kwa Adamu alipomzaa Sethi. Basi jambo la kwanza hapa ni nasaba. Mtu ni wa nani? Ni wa Mungu.

Wahubiri wengi, nasi tumo, hupenda kusema kwamba sura ya Mungu ni akili, au uwezo wa kuchagua mema na mabaya. Si uongo, na walimu wakuu wa Kanisa wamefundisha hivyo. Lakini tukiishia hapo, tunamweka wapi mtoto aliyezaliwa na akili pungufu? Na bibi aliyezeeka hata hawatambui wanawe? Mtoto hapotezi nasaba kwa kuugua.

Wala kwa kutenda dhambi. Mtakatifu Athanasio, Askofu wa Aleksandria katika karne ya 4, alieleza hivi: picha ya mtu iliyochorwa juu ya ubao ikichafuka, mchoraji hautupi ubao ule, humwomba mwenye sura aje aketi tena mbele yake, ili aichore upya pale pale. Hivyo ndivyo alivyokuja Kristo, ambaye Mtume Paulo anamwita sura ya Mungu asiyeonekana (Wakolosai 1:15). Tukumbuke hilo tunapotaka kumtupa mlevi wa mtaani kwetu.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Tunapolisikia neno hili kanisani, kila mmoja hulipokea kama sifa yake mwenyewe: mimi ni sura ya Mungu, nisidharauliwe. Lakini Maandiko hulitumia hasa kwa habari ya mtu mwingine. Katika Mwanzo 9:6 limetolewa kama sababu ya kutomwaga damu ya mwenzako. Mtakatifu Yakobo analishika kwa habari ya ulimi: twamhimidi Mungu, na kwa kinywa kile kile twawalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Wote wawili hawamwambii msikilizaji ajitazame kwenye kioo. Wanamwambia amtazame aliye mbele yake.

Kanisa letu katika nchi hii lilianza kujifunza somo hili mahali pa kutisha. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Juni 1873 soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba, na sikukuu ya Krismasi mwaka huo huo msingi wa Kanisa Kuu ukawekwa pale pale Mkunazini, mahali ambapo wanunuzi walikuwa wakiwafunua watu midomo kukagua meno. Askofu Steere alihubiri kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, maana huwezi kumwambia mtu kuwa ni sura ya Mungu kwa lugha asiyoijua. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa waliowekwa huru kurudi bara, nao wakaanzisha makao ya Masasi. Lakini tusijisifu upesi. Kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Sheria ya kuufuta Unguja ilitoka mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922.

Tena kulikuwa na namna nyingine ya kumfanya mtu kuwa chombo. Katika Vita Kuu ya Kwanza mizigo ya majeshi ilibebwa kichwani. Wengi wetu tunakwenda Kariakoo kununua nguo na vyombo bila kukumbuka kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliowekwa pale baada ya mji huu kutekwa mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na wengi hawakuandikwa majina. Ukipita Barabara ya Samora utaiona Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka wapagazi pia, na ni vema. Ila yanawataja kwa viungo, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu yenyewe ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi ana miguu, ana mikono, uso hakupewa.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliziona nyuso hizo. Mwaka 1916 aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi zaidi ya 2,000, akatembea nao bara. Basi serikali ya Kenya ilipowataka maofisa wake, mwaka 1919, wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na maaskofu wengine wakaona jambo hilo laweza kukubaliwa likiwekewa masharti, yeye alikataa kabisa. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali kuilaumu Uingereza. Na mwaka 1923, kwenye mkutano mkubwa wa Waanglikana mjini London, aliwaambia watu waliokuwa wakishindania heshima ya Sakramenti kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku hawamwonei huruma katika vibanda vya maskini.

Mwalimu Nyerere naye, aliyekuwa Mkatoliki, alilishika neno hili hili Oktoba 1970 alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Alisema kwamba yeye hakubali kumwaza Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na aliyeonewa, na hali hiyo ndiyo ya wengi wa wale tunaosema wameumbwa kwa sura yake. Wahubiri wengi hawajathubutu kulisema wazi namna hiyo.

Turudi Kurasini. Sisi tunakaa jirani na bandari, na mji wote hula kwa mizigo inayopita mbele ya milango yetu. Mchukuzi wa gunia bado yupo hapa, na bado huitwa "wee!" Lakini hatutaki kumnyoshea kidole mwajiri wa barabarani, maana aibu tuliyoipata ilikuwa ndani ya nyumba ya Mkristo.

Jioni moja jumuiya yetu ilikuwa imesoma Mwanzo 1. Tulifundisha vizuri, tukaimba, tukanywa chai. Mzee mmoja akauliza aliyepika chai anaitwa nani, apate kumshukuru. Wageni wote hatukujua. "Ni dada wa kazi tu," mmoja akajibu. Nasi tuliofundisha sura ya Mungu tulikuwa tumekunywa chai ya binti yule mara nne! Alipoitwa akasema jina lake, akaeleza kuwa amebatizwa kwao, upande wa Masasi, wala hakuna aliyemwambia kuwa parokia ina darasa la Kipaimara. Darasa lenyewe ni Jumamosi asubuhi, saa za kufua.

Tumemwomba Padre darasa lihamishiwe Jumapili alasiri, naye amelipeleka kwa wazee wa kanisa. Wakati tunangoja, kila jumuiya isome Yakobo 3:7-12 na kuzungumza maswali haya. Katika nyumba tunamosalia, ni nani hubaki jikoni au getini wakati wa sala, na jina lake ni nani? Majina gani tunayowaita watu wa kazi ambayo tusingependa waitwe watoto wetu? Na wahubiri wa zamu wajiulize: mara ya mwisho tulipohubiri juu ya sura ya Mungu, tulikuwa tunafikiria uso wa nani?