Dalili za Masika

Watu wa pwani huyahesabu majira kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, kisha huja kusi. Katikati yake ni maleleji, wakati upepo unapogeuka-geuka. Ndipo masika huanza, na hali ya hewa haitabiriki. Asubuhi jua huwaka kali. Alasiri mawingu hutanda. Na pengine mvua hunyesha Temeke, Kinondoni pakabaki pakavu.

Nyumbani dalili ni nyingi. Mvua za kwanza zikisha kunyesha, kumbikumbi hutoka ardhini na kuizunguka taa, na asubuhi kuku huokota waliobaki. Vyura hulia usiku kucha madimbwini. Mama huanika nguo huku akitazama mbingu.

Lakini dalili hizi husema kwamba mvua imefika. Hazisemi itanyesha kiasi gani. Hata majira yenyewe huweza kudanganya. Masika ndiyo mvua kubwa, na vuli ndiyo ndogo. Walakini tarehe 21 Desemba 2011, vuli ilipokuwa ikikaribia kwisha, mvua iliyonyesha Dar es Salaam kwa siku moja ilipita milimita 150. Mto Msimbazi ulifurika, nyumba za bondeni zikajaa maji, na watu wengi wakafa. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Mabwepande, mahali palipoinuka.

Basi mwenye busara huzibua mfereji wake siku ya jua, wala hatupi taka ndani yake. Mvua ikija usiku, maji hupata njia, na watoto hulala pakavu.