Unauza gia ya distributa mtandaoni? Soma hapa kabla hujatuma mzigo

Leo somo ni la sisi wa spea, hasa spea za injini za petroli za zamani.

Mimi niko Itetemia, hapa Tabora. Natangaza used kwenye status ya WhatsApp, mteja akilipa nafungasha, mzigo unaenda na basi. Mwaka jana nilimtumia kaka mmoja wa Kaliua gia inayozungusha distributa ya Land Rover ya zamani, injini ya petroli ya lita 2.25. Injini ilikuwa imefunguliwa yote. Siku tatu baadaye: "Boss gia yako mbovu, gari linapiga mlio kwenye kabureta, haliwaki. Nirudishie hela." Nikarudisha 45,000 na nauli juu. Gia ilivyorudi nikaikagua, meno yote mazima.

Baadaye akanipigia mwenyewe, kwa aibu. Alinunua gia nyingine kwa mtu mwingine, tatizo lilelile! Fundi wa pili akahamisha nyaya za plagi nusu duara kwenye kifuniko cha distributa, gari likawaka. Hakufungua kitu kingine.

Kilichotokea ni hiki. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti na distributa zinazunguka mara moja. Kwa hiyo pistoni ya silinda namba 1 inafika juu mara mbili, moja ikiwa inabana hewa, nyingine ikiwa inatoa moshi. Alama ya kwenye puli au flaiwili haikwambii ni ipi. Fundi wa kwanza alifunga gia kwenye ile ya moshi. Dawa yake ni kutoa plagi namba 1, kuziba tundu kwa kidole na kuzungusha injini kwa mkono mpaka hewa isukume kidole, ndipo ulinganishe alama. Kama kifuniko cha valvu kiko wazi, valvu zote mbili za silinda hiyo ziwe zimefunga.

Jambo la pili linalorudisha mizigo: meno ya gia hii yamekatwa mshazari, kwa hiyo inajizungusha yenyewe wakati inashuka. Fundi anaielekeza sawasawa, ikikaa chini anakuta imeshahama. Inabidi aianze nyuma kidogo ili ikifika chini iwe mahali pake. Na jino moja si dogo. Gia ya meno 12, jino moja ni nyuzi 30 za distributa, maana yake nyuzi 60 za krenki. Mara nyingi distributa haina nafasi ya kuzungushwa kiasi hicho, inagonga bomba au nyaya.

Sasa hili la tatu ndilo linaloua injini. Kwenye Land Rover ile, na kwenye injini nyingine nyingi za zamani, gia hiyohiyo ndiyo inazungusha pampu ya oili. Distributa au gia ikigoma kukaa mpaka chini, ncha ya shafti haijaingia kwenye pampu. Fundi mwenye haraka anaibana kwa bolti. Asithubutu! Aingize bisibisi ndefu, aigeuze shafti ya pampu kidogo, ajaribu tena. Akiwasha na taa ya oili isizimike, azime hapohapo, la sivyo beringi za krenki zimekwisha.

Upande wetu wauzaji, usiulize "gari gani?" peke yake. Huku injini zimehamishwa sana, Land Rover unaikuta na injini ya gari jingine. Omba namba ya injini, na picha ya gia yake ya zamani ikiwa pembeni ya rula. Hesabu meno pamoja naye, angalieni mshazari unaelekea wapi, na mfereji wa juu kama uko katikati au umekaa upande. Meno yaliyochongoka kama kisu usiuze hata kwa bei ya kutupa. Muulize pia kama kamshafti imebadilishwa, maana chuma cha gia na cha kamshafti visipoendana kimoja kinakula kingine.

Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu mpaka Bagamoyo, sisi tunagombana kwa nauli ya basi. Basi angalau mzigo uende mara moja.

Siku hizi kila gia inaondoka na ujumbe huu, unakili kama unaufaa: "Kaka, kabla fundi hajaitoa gia ya zamani, piga picha rota inaelekea wapi. Kama imeshatolewa, mwambie ahakikishe silinda namba 1 inabana hewa, siyo inatoa moshi. Ikigoma kushuka asibane na bolti, anipigie kwanza. Taa ya oili isipozimika, zima gari."