Nyama Safi Kutoka Kichinjioni Mpaka Buchani



Umemlisha ng'ombe wako miaka mitatu. Umempitisha katika josho, umemkatia matete wakati wa kiangazi, na mtoto wako amemchunga katika mvua. Sasa siku ya kumchinja imefika. Je, wajua kwamba kazi hiyo yote yaweza kupotea kwa muda wa saa chache, njiani baina ya kichinjio na bucha? Katika somo la mwezi huu tutajifunza namna ya kuchukua nyama ili imfikie mnunuzi ikiwa safi.

KWA NINI NYAMA HUHARIBIKA

Nyama ya mnyama mwenye afya huwa safi kwa ndani. Uchafu huingia kutoka nje: katika ngozi na kwato, katika mavi ya utumbo uliopasuka, katika kisu, mikono, nzi na vumbi la barabara. Pamoja na uchafu huo huja vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hupenda joto na majimaji, na nyama mbichi ina vyote viwili.

Mahali penye joto linalokifaa, kijidudu kimoja huweza kuwa viwili kwa muda wa dakika 20 hivi. Fanya hesabu mwenyewe. Baada ya saa 1 vitakuwa 8. Baada ya saa 2 vitakuwa 64. Baada ya saa 4 vitakuwa 4,096, na baada ya saa 6 vitakuwa 262,144. Hayo ni mazao ya kijidudu kimoja tu, na mkono mchafu hauachi kimoja.

Vijidudu vingi vya maradhi huzaana upesi katika joto la kati ya digrii 5 na digrii 60 za Selsiasi. Baridi ya digrii 4 haiviui, bali huvichelewesha. Usiseme, "Moto wa jikoni utamaliza yote." Moto mkali huua vijidudu, lakini vingine huacha sumu katika nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

KAZI HUANZA KABLA YA SAFARI

1. Mpumzishe mnyama. Ng'ombe aliyeswagwa mbio mpaka kichinjioni huchinjwa akiwa amechoka, na nyama yake huwa nyeusi na huoza upesi. Mfikishe jana yake, mpe maji ya kutosha, wala usimlishe usiku huo. Tumbo lisilojaa halipasuki kwa urahisi.

2. Usichinje mnyama mgonjwa, wala usimpasue aliyekufa mwenyewe. Kama ni kimeta, ukimpasua utaeneza ugonjwa katika udongo wa shamba lako kwa miaka mingi. Kumbuka pia homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha katika miaka ya 1930 na 1931. Ilipozuka tena nchini Kenya mwaka 2006 na 2007, iliua watu zaidi ya 100, na wengi walioambukizwa walikuwa wameshika wanyama wagonjwa. Mwite daktari wa mifugo kwanza.

3. Chinja penye mkaguzi wa nyama. Nyama ya kuuzwa haina budi kukaguliwa na kupigwa muhuri. Mkaguzi hukata na kutazama mahali ambapo wewe huwezi kujua, kama vile penye vifuko vya viluwiluwi vya tegu na majipu ya kifua kikuu.

4. Tundika nyama ipoe. Nyama iliyochinjwa sasa hivi ina joto la mwili. Ukiirundika ingali moto, joto hufungika ndani, nayo huanza kuoza karibu na mfupa huku juu ikionekana nzuri.

CHOMBO CHA KUCHUKULIA

Sheria ya nyama, Sura ya 356 ya Sheria za Kenya, na kanuni zake, hudai kwamba gari au sanduku la nyama liwe na kibali. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Gunia hunywa damu na haliwezi kuoshwa likatakata. Ubao mtupu hufanya nyufa, na nyufa ndizo nyumba za vijidudu.

Sanduku linalofaa, liwe la pikipiki au la gari, ni lile lililofunikwa ndani kwa bati laini lisiloshika kutu, lenye mfuniko unaobana barabara, lisiloingiza vumbi, mvua wala nzi. Yafaa kuzingatia haya:

(a) Sanduku la nyama ni la nyama tu. Usilitumie kuchukulia mbolea, dawa ya kupe, mafuta ya taa wala kuku walio hai.

(b) Matumbo, vichwa na miguu viwe na chombo chao peke yao.

(c) Mapande makubwa yatundikwe kwa kulabu, yasiguse sakafu. Mtu asikae wala kukanyaga juu ya nyama.

(d) Mchukuzi awe na koti safi na cheti cha afya, na aoshe mikono kwa sabuni. Mwenye kuhara au kidonda kilichotunga usaha asiguse nyama siku hiyo.

(e) Ondoka alfajiri kabla jua halijapanda, wala usisimame njiani kwa mazungumzo. Ikiwa safari ni ndefu, kodi gari lenye mashine ya baridi.

KUOSHA SANDUKU

Osha kila siku, mara tu baada ya kushusha mzigo. Anza na maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu ikashika bati. Kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni, hasa pembeni. Suuza, tia dawa ya kuua vijidudu kama ilivyoandikwa kwenye chupa, suuza tena, halafu liache wazi likauke juani. Sanduku lililofungwa likiwa na maji hunuka asubuhi, na harufu hiyo huingia katika nyama.

FAIDA YAKO

Tuseme wakulima wawili wamechinja siku moja. Wa kwanza amefunga nyama katika gunia ingali moto, akaipakia nyuma ya pikipiki. Barabara ina matope, naye amefika saa sita mchana. Mwenye bucha amenusa, akapunguza bei, na jioni watoto wa jirani wameanza kutapika. Wa pili amengoja ipoe, akaitia katika sanduku safi, akafika saa moja asubuhi. Ameuza yote, na mwenye bucha amemwambia alete tena. Ng'ombe wao walikuwa sawa. Tofauti ilikuwa njiani tu.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Ndivyo ilivyo kwa pande moja chafu katika sanduku, na ndivyo ilivyo kwa mkulima mmoja mzembe katika skimu nzima: wanunuzi wakipata nyama mbaya, hukimbia soko lote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwa nini nyama isirundikwe ingali moto?
2. Kwa nini tunaanza kuosha sanduku kwa maji baridi?
3. Je, kikundi chenu chaweza kuchanga fedha mkanunua sanduku moja zuri la kutumia kwa zamu? Nani atakuwa na jukumu la kuliosha?