Mpishi wa Merca na Mwisho wa Ndui

Ukiwatazama wazee waliozaliwa kabla ya mwaka 1970, utaona ya kuwa wengi wana kovu la mviringo mkononi, chini kidogo ya bega, limebonyea katikati kama alama ya kidole katika udongo mbichi. Pengine kovu la namna hiyo ni la chanjo ya kifua kikuu, ambayo watoto huchanjwa hata sasa. Lakini wengi katika wazee hao walilipata kwa chanjo ya ndui. Watoto wa siku hizi hawachanjwi ndui, wala hawana haja nayo. Habari hii yaeleza sababu yake.

Ndui ilikuwa maradhi ya kutisha. Mtu aliyeambukizwa alikaa siku kumi au zaidi bila kujua neno. Kisha homa kali ikamshika ghafula, kichwa na mgongo vikamwuma, na baada ya siku mbili tatu upele ukamtoka usoni, mikononi na miguuni, ukageuka malengelenge magumu yaliyojaa usaha. Katika ile ndui kali, watu kama watatu katika kila kumi wasiochanjwa walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni maisha yao yote, na wengine walipofuka. Wataalamu hukisia ya kuwa katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu kama 300,000,000. Ilikuwako pia ndui nyepesi, ambayo iliua mtu mmoja hivi katika kila mia.

Lakini adui huyu alikuwa na udhaifu wa namna mbili. Kwanza, mtu aliyepona ndui hakuugua tena. Pili, ndui iliwashika wanadamu tu. Malaria ina mbu wake, na kichaa cha mbwa kina mbwa na mbweha. Bali ndui haikuwa na mnyama wala mdudu wa kuihifadhi. Ikikosa mtu wa kumwingia, hufa yenyewe. Yafaa mwanafunzi alishike sana neno hili la pili, kwa maana bila hilo kazi yote itakayosimuliwa hapa isingaliwezekana.

Neno la kwanza watu walilitambua zamani sana. Katika Bara Hindi, Uchina, Uturuki na sehemu nyingine za Afrika walikuwako wajuzi waliotwaa usaha kidogo kwa mgonjwa wa ndui wakautia katika mchanjo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Mtu huyo aliugua kidogo, kisha akawa salama. Mwafrika mmoja aliyeuzwa utumwani huko Boston, Marekani, akaitwa Onesimus, alimweleza bwana wake, Cotton Mather, ya kuwa yeye alifanyiwa hivyo kwao. Basi ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston akajaribu dawa hiyo, akaanza na mtoto wake mwenyewe wa miaka sita. Watu wa mji wakamkasirikia sana. Lakini hesabu haina upendeleo: katika watu karibu 6,000 waliougua ndui kwa njia ya kawaida, 844 walikufa, na katika watu kama 240 waliochanjwa, walikufa 6 tu. Elimu hiyo Boston iliipata kwa mtumwa, na jina lake la kwao halikuandikwa.

Hata hivyo dawa yenyewe ilikuwa ya hatari, kwa kuwa ndui iliyotiwa ilikuwa ndui kweli, na aliyechanjwa aliweza kumwambukiza jirani yake. Njia iliyo salama zaidi ilitokea zizini. Katika mashamba ya Uingereza wakamuaji waliopata vipele mikononi, kwa maradhi ya ng'ombe yaliyofanana na ndui, walisema ya kuwa ndui haiwashiki. Daktari Edward Jenner wa Berkeley hakuyapuuza maneno ya wanawake hao. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa maji ya kipele katika mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akayatia katika mkono wa mtoto James Phipps, mwenye miaka minane, mwana wa mtunza bustani wake. Mtoto akapata homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai Jenner akamtia usaha wa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Siku hizi hakuna daktari angeruhusiwa kumjaribu mtoto wa watu hivyo, na ni haki kukatazwa. Jenner mwenyewe hakumsahau: James alipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, alimpa nyumba akae bila kulipa kodi.

Tangu siku ya James Phipps mpaka mwisho wa ndui ilipita miaka zaidi ya 180. Mtu aweza kuuliza, ikiwa dawa ilijulikana, kwa nini wafu wakaendelea kuzikwa miaka yote hiyo? Sababu moja ni joto. Chanjo ya zamani iliharibika upesi katika nchi za jua kali, na ilipofika kijijini ilikuwa maji tu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza walipata njia nzuri ya kuikausha kwa baridi mpaka ikawa unga, ikaweza kukaa majuma mengi katika joto bila kuharibika. Katika miaka ya 1960 ikatokea sindano mpya, fupi, yenye ncha mbili kama uma mdogo. Ncha hizo zilichukua tone moja katikati yake, na mchanjaji akamdunga mtu mara 15 upesi upesi mahali pamoja. Chombo kidogo cha dawa kilichotosha watu 25 sasa kikatosha 100, na hata mtu asiye daktari aliweza kufundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kwa nguvu kazi ya kuiondoa ndui duniani kote. Njia iliyofaa zaidi haikuwa kumchanja kila mtu. Walimtafuta kila mgonjwa, wakamtenga, wakawachanja wote walioonana naye na majirani waliomzunguka, kama watu wanaozima moto wa nyika kwa kufyeka majani pande zote. Kwa hiyo habari ya mgonjwa mmoja ilikuwa na thamani kubwa, na aliyeileta alipewa zawadi ya fedha. Mwaka 1975, katika kisiwa cha Bhola, nchi ya Bangladesh, msichana wa miaka minane, jina lake Bilkisunnessa, alitoa habari ya mtoto wa kijijini kwao aliyeitwa Rahima Banu, akapewa taka 250. Rahima, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, alipona, na hakuna mtu mwingine tena aliyepata ile ndui kali kwa njia ya kawaida.

Ikabaki ndui nyepesi katika Pembe ya Afrika. Ethiopia ilimwona mgonjwa wake wa mwisho mwaka 1976. Somalia ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa kuwa wafugaji huhama na ngamia zao kufuata maji, na mchanjaji akifika kambini leo, kesho hukuta majivu ya moto tu. Mwaka 1977 wagonjwa zaidi ya 3,000 walionekana nchini humo.

Katika mji wa Merca, ulio pwani kusini ya Mogadishu, alikuwako kijana mmoja mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, mwenye umri wa miaka 23. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa kuchanjwa, lakini Ali alikwepa. Baadaye alisema mwenyewe ya kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Tarehe 12 Oktoba 1977 motokaa ilisimama hospitalini, imewachukua watoto wawili wenye ndui waliotoka katika kambi ya wafugaji. Dereva hakuijua njia. Ali akapanda kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, akashuka akarudi kwa sufuria zake. Mmoja wa watoto wale, Habiba Nur Ali, msichana wa miaka sita, alikufa baada ya siku chache.

Siku kumi zikapita. Tarehe 22 Oktoba Ali akashikwa na homa na kuumwa kichwa. Akalazwa katika hospitali ile ile aliyokuwa akiipikia, akapewa dawa ya malaria. Tarehe 26 upele ukamtoka, wakasema ni tetekuwanga, wakamruhusu kwenda nyumbani. Kosa hilo si la ajabu kama linavyoonekana: mwanzo wa ndui wafanana na homa nyingi, na ndui nyepesi ilifanana sana na tetekuwanga. Ali mwenyewe alianza kushuku, lakini aliogopa kutengwa, akanyamaza. Rafiki zake wakamtembelea nyumbani, wakaketi karibu naye, kama ilivyo desturi njema ya kumwangalia mgonjwa.

Tarehe 30 Oktoba mwuguzi mmoja aliyefanya kazi pamoja naye akatoa habari, akapata zawadi yake ya shilingi 200 za Kisomali. Ali akachukuliwa kambini akatengwa. Hapo hofu ikawa kubwa, kwa maana mtu aliyekuwa na rafiki wengi na kazi ya kuwapikia wagonjwa alikuwa ametembea na ndui mjini. Wakahesabu watu 161 waliokuwa wameonana naye, na wengine kati yao hawakupata kuchanjwa kamwe. Hospitali ikakataa wagonjwa wapya, na waliomo wakazuiwa kutoka. Askari wakasimama penye njia za kuingia mjini, na kila mpitaji asiyechanjwa akachanjwa pale pale. Watu wakaenda nyumba kwa nyumba. Katika majuma mawili walichanjwa watu 54,777.

Kisha ikawa kazi ya kungoja, na kungoja ni sehemu ya sayansi isiyosifiwa. Kila aliyemgusa Ali alitazamwa siku baada ya siku. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Ali naye akapona, akaruhusiwa kwenda zake mwisho wa Novemba.

Hata hivyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba ndui imekwisha. Wachunguzi wakaendelea kupita vijiji na kambi za ngamia kwa miaka miwili, wakimtafuta mgonjwa mmoja zaidi. Walipoona upele wowote walichukua magamba yake na kuyapeleka kupimwa. Yote yakaonekana ni ya maradhi mengine. Katika muda huo, mwaka 1978, mwanamke mmoja katika mji wa Birmingham, Uingereza, alikufa kwa ndui iliyotoka katika chumba cha uchunguzi cha chuo alimofanya kazi. Lakini hiyo haikutoka kwa mgonjwa wa kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza ya kuwa dunia yote imeokoka na ndui. Vijidudu vyake vyahifadhiwa sasa mahali pawili tu, Atlanta katika Marekani na Koltsovo katika Urusi, navyo vyalindwa sana. Na wenye elimu hawajaacha kubishana kama viteketezwe au viachwe.

Ali Maow Maalin aliishi miaka mingi baada ya hayo. Nchi yake ilipoingia vitani, na ugonjwa wa polio ukaendelea kuwalemaza watoto, alijitoa kufanya kazi ya chanjo. Alikwenda kwa wazazi waliokataa, akaketi nao, akawasimulia habari zake: jinsi alivyoikimbia sindano, na jinsi alivyokuwa mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida. Mzazi aliyekwisha kuwafukuza wachanjaji wengine hakuweza kumwambia huyu kwamba hajui hofu ni nini. Kwa kazi ya watu kama yeye, maelfu kwa maelfu, polio ilisimama Somalia mwaka 2007.

Mwaka 2013 polio ikarudi, na Ali akarudi kazini katika wilaya yake ya Merca. Katika kazi hiyo akashikwa na homa. Safari hii ilikuwa malaria kweli, nayo ikamwua tarehe 22 Julai 2013.