Maji Hula Kioo

Mama mmoja wa hapa Maswa alikuja zahanati na chupa ya kioo, atiliwe dawa ya maji ya mtoto. Chupa ilikuwa na ukungu mweupe ndani. Alikuwa ameisugua kwa mchanga siku mbili, ukungu hautoki.

Je, ukungu huo ni nini? Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, vikiyeyushwa pamoja kwa moto mkali. Maji yakikaa ndani ya chupa, huingia polepole katika ngozi ya kioo. Huyatoa magadi na kushika nafasi yake. Maji yakiwa matone machache, magadi hayo huyafanya kuwa makali, yakaula hata mchanga wa kioo. Kazi hii huchukua miezi au miaka.

Jaribu hivi. Tia maji ya ndimu, uache usiku mmoja. Ukungu ukitoka, ulikuwa chokaa ya maji ya kisima tu. Usipotoka, huenda kioo chenyewe kimelika. Chupa hiyo isitiwe dawa wala uji wa mtoto. Vipande vyembamba vinaweza kubanduka. Tena mikwaruzo ya mchanga ikipata maji huweza kurefuka hadi chupa ipasuke. Mama yule nilimtafutia chupa nyingine.

Chupa nzima ioshe, uiinamishe ikauke. Usiweke ndani yake maji ya magadi wala ya majivu.

Nasi waganga, kabla ya kuchoma sindano, tunapaswa kuitazama chupa ya dawa kwenye mwanga. Vipande vinavyong'aa vikielea, dawa hiyo haitumiki. Una haki ya kutuomba tuitazame mbele yako.