Milima, maji moto na ufuko: vidokezo kwa msafiri anayeanzia Bujumbura

Wajapani wana rasi ya Kii, yenye milima mitakatifu, chemchemi za maji moto na bahari. Mwaka 2004 UNESCO iliziingiza njia zake za mahujaji kwenye Urithi wa Dunia. Vitatu hivyo tunavyo hapa Burundi, bahari yetu ikiwa ni Ziwa Tanganyika, na unavifikia kwa gari kutoka Bujumbura. Fungasha begi.

1. Anza na mlima. Barabara ya Bugarama hupanda ukitoka tu mjini: kwa kilomita kama 35 unatoka ziwani, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,000. Beba sweta hata kama mtaa wa Buyenzi mjini umeuacha ukitokwa jasho. Kaa dirishani uwaone vijana wa baiskeli walioshika lori kwa nyuma ili liwavute juu, na wenzao wanaoteremka kasi na mikungu ya ndizi. Dereva akikimbiza gari kwenye kona, mwambie apunguze. Maisha ya hao vijana yako mikononi mwake pia.

2. Huko huko milimani, nenda Nkiko-Mugamba kwa adabu. Hapo ndipo walipozikwa wafalme wa Burundi, na tangu 2007 eneo hilo limo katika orodha ya mapendekezo ya nchi kwa UNESCO. Fuatana na mwenyeji, salimia wazee kwa Kirundi (asubuhi ni “Mwaramutse”), omba ruhusa kabla ya kupiga picha, wala usivunje tawi. Ukibaki na muda, pitia Teza, ambako mashamba ya chai yanapakana na msitu wa Kibira, mawindo ya wafalme wa zamani.

3. Epuka asubuhi ya Jumamosi. Ni saa za kazi za jamii, na magari husimama hadi zimalizike.

4. Chemchemi za maji moto za Mugara usizikose. Ziko upande wa Rumonge, mji ulio kilomita kama 75 kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya ziwa. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yakapata joto chini huko, kisha yakapanda tena. Hayahitaji kuni wala umeme. Wengi huja kupumzisha viungo. Furahia, lakini mgonjwa wako usimwachishe dawa za daktari. Tuige na desturi moja ya Wajapani: wao hujisugua kwa sabuni pembeni, wakajisuuza vizuri, ndipo wanaingia bwawani. Maji ni ya wote. Mwenye presha au mjamzito amuulize daktari kwanza, na watoto wasiachwe peke yao.

5. Kula Rumonge. Agiza samaki wa kuchoma aitwaye mukeke, na ukiwa na haraka, ndagala (dagaa) wa kukaanga.

6. Liheshimu ziwa. Lina kina cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na viboko hutoka majini jioni. Giza likiingia, ondoka ufukweni. Miaka ya karibuni maji yamepanda mno, na mwaka 2024 yaliwafukuza watu majumbani huko Gatumba, jirani na Bujumbura, basi uliza hali ya ufuko na barabara kabla ya kulipa chumba.

7. Ukiwa na siku moja tu, chagua Mugara. Toka alfajiri, gari likiwa na mafuta ya kwenda na kurudi.