SOMO LA UFUNDI: GARI DOGO LENYE SUPACHAJA NA KAZI YA KULIONGEZEA NGUVU



Somo letu la leo ni juu ya magari madogo ya kasi yenye supachaja. Huenda mtu akauliza, magari ya starehe yatuhusu nini sisi wafanyakazi? Yatuhusu sana. Mwenye gari ni mmoja, lakini anayelala chini ya gari ni fundi, na gari likiharibika baada ya kutoka gereji anayeulizwa kwanza ni fundi. Chama kimewahi kushughulikia shauri la namna hiyo. Kijana mmoja wa gereji moja ya Kampala aliagizwa na bosi wake abadilishe puli ya supachaja ili gari liongezeke nguvu. Akabadilisha kama alivyoagizwa. Baada ya wiki chache pistoni ikatoboka, na mshahara wa kijana ukakatwa miezi mitatu mfululizo. Alipoulizwa kwa nini pistoni ilitoboka hakuwa na jibu, maana alifundishwa kufungua na kufunga tu. Somo hili ni la kueleza hiyo "kwa nini".

Tutatumia mfano wa gari moja, Mini Cooper S la kati ya mwaka 2002 na 2006. Yale ya paa la kukunja yaliendelea na injini hiyo hiyo hadi 2008. Gari hili liliundwa na wafanyakazi wenzetu wa Cowley, Oxford, nchini Uingereza, na injini yake ilitengenezwa Brazili, katika kiwanda ambacho BMW na Chrysler walikijenga kwa ubia. (Wasomaji wa ukurasa huu wajue pia kwamba kiwanda hicho cha Cowley ndicho kilichowaachisha kazi wafanyakazi 850 wa mkataba wa wakala mwezi Februari 2009, kwa taarifa ya muda mfupi sana.) Hapa Uganda, tangu sheria ya mwaka 2018, gari lililofikisha miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo Mini za supachaja tulizo nazo ni zile zilizokwisha kuingia, na zote ni kuukuu. Fundi akumbuke neno hilo kuukuu kabla mwenye gari hajaanza kuzungumza habari za mbio.

Injini ni ya lita 1.6, silinda nne, nguvu za farasi 163 ilipotoka kiwandani. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe pistoni inaposhuka. Supachaja ni pampu ya hewa inayoisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyosokotwa, vinavyozunguka pamoja bila kugusana, na kila mzunguko mmoja husukuma hewa ya kiasi kile kile. Tofauti yake na tabo ni kwamba tabo huzungushwa na moshi unaotoka, nayo supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye krenkshafti. Ndiyo maana gari la supachaja huitika mara tu unapokanyaga mafuta, halikusubirishi.

Hewa nyingi huruhusu petroli nyingi, na petroli nyingi ndiyo nguvu. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Jambo linalosahauliwa ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Supachaja ya aina hii si hodari sana katika kubana, hivyo hewa inayotoka humo injini ikikazwa inaweza kupita nyuzi 100. Kwa sababu hiyo wameweka radieta ya hewa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, ili hewa ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Sasa gari likisimama kwenye foleni ya Jinja Road saa nane mchana, hakuna upepo unaopita kwenye tundu lile. Radieta ya hewa yenyewe hupata moto kutoka kwa injini iliyo chini yake. Foleni ikifunguka, dereva akakanyaga hadi chini, hewa inayoingia ni ya moto tupu.

Hewa ya moto ndiyo inayotoboa pistoni. Mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa kuwaka pale plagi inapotoa cheche, moto usambae kwa utaratibu. Ukiwa na joto kupita kiasi na mbano kupita kiasi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe. Ukisikiliza utasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo. Wengine hudhani ni valvu. Injini hii ina kifaa cha kusikia mgongano huo, na kompyuta hurudisha cheche nyuma ili kuiokoa. Lakini kifaa hicho kina mpaka wake. Ukiendelea kusukuma, utando wa ubaridi juu ya pistoni huondolewa na milipuko hiyo, alumini inalainika, na tundu linatokea.

Sasa tuje kwenye puli. Puli ya supachaja ikiwa ndogo, supachaja huzunguka haraka zaidi. Watu husema "puli ya asilimia 15" wakadhani kasi imepanda kwa asilimia 15. Tupige hesabu. Puli ikibaki na upana wa 85 badala ya 100, kasi ni 100 kugawa kwa 85, yaani imepanda kwa karibu asilimia 18. Kiwandani supachaja huzunguka karibu mara mbili kwa kila mzunguko wa injini. Injini ikiwa 6,500 kwa dakika, supachaja ni 13,000. Kwa puli hiyo ndogo inakuwa karibu 15,300. Beringi ni zile zile, oili ni ile ile, na vyuma vilivyosokotwa ni vile vile vya miaka ishirini iliyopita. Nguvu inaongezeka kweli, sikatai. Lakini tazama walivyofanya wanaoijua kazi hii. John Cooper Works waliuza seti ya kulifikisha gari hili nguvu za farasi 200, na baadaye 210. Hawakubadilisha puli peke yake. Walibadilisha pia supachaja yenyewe, silinda hedi, bomba la moshi, plagi na mpango wa kompyuta. Ikiwa wao hawakuthubutu kuweka puli tu wakafunga boneti, bosi wa gereji anamwagizaje kijana afanye hivyo kwa alasiri moja?

Kuna jambo jingine la nchi yetu ambalo vitabu vya ufundi vya Ulaya havigusii sana. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi, kanieneo yake imepungua kwa asilimia 13 hivi. Supachaja huzidisha hewa inayoipata. Kwa hiyo gari ambalo geji yake inasoma baa 0.7 hapa Kampala litasoma karibu baa 0.8 likifika Mombasa, bila mtu kugusa kitu, na juu ya hiyo kuna hewa ya chini ambayo tayari ni nzito. Gari lililorekebishwa hapa mpaka ukingoni, likaonekana zima, linaweza kuanza kugonga njiani kuteremka pwani. Mwenye gari atasema fundi wa Kampala ameniharibia. Muulize kabla ya kazi: unasafiri wapi na gari hili? Andika jibu lake.

Basi kazi yenyewe ifanywe vipi kwa gari la kwenda kazini kila siku? Maoni yangu ni kwamba kwa gari kuukuu, zaidi ya nusu ya nguvu inayotafutwa ni ile iliyopotea, si ile ya kuongezwa. Anza kwa kupima mbano wa silinda zote nne. Zikitofautiana sana, mazungumzo ya puli yamekwisha hapo hapo.

Halafu tazama oili ya supachaja. Supachaja hii haitumii oili ya injini. Ina oili yake maalum, kidogo sana, ncha zote mbili, na wengi hawajui kama ipo. Ncha moja ni upande wa puli. Ncha ya pili ina gia ndogo zinazozungusha pampu ya maji. Yaani pampu ya maji ya gari hili huzungushwa kupitia supachaja. Oili ya ncha ile ikikauka, meno ya gia huliwa, pampu ya maji husimama, na injini huchemka ghafla ingawa maji yamejaa na mkanda ni mzima. Fundi asiyejua atabadilisha themostati na kifuniko cha radieta, na gari litachemka tena. Ukifungua ukakuta oili nyeusi yenye harufu kali, au vumbi la chuma, umeufahamu ugonjwa. Kazi hii inahitaji sehemu ya mbele ya gari ivutwe mbele na supachaja itoke. Ni kazi ya siku, na ilipwe kama kazi ya siku. Ukishafika humo ndani badilisha pampu ya maji pamoja na gasketi zake, usingoje kufungua mara ya pili.

Maji yenyewe: tangi la plastiki la kuongezea maji hupasuka kwenye mshono wake. Likague kwa tochi, utaona alama nyeupe au za rangi ya maji. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto hata kama bosi amesimama nyuma yako anatazama saa. Mwenzetu akiungua uso hakuna atakayemrudishia ngozi.

Kagua puli ya krenkshafti. Ina mpira katikati ya vyuma viwili, na mpira huo ukichoka chuma cha nje huyumba, mkanda hula kingo zake na mwishowe huruka. Mkanda huo mmoja unazungusha supachaja, jenereta na kompresa ya ubaridi. Ukiruka, na pampu ya maji imesimama. Ukiweka puli ndogo, mkanda mfupi kidogo unahitajika, na kikaza mkanda lazima kiwe na nguvu bado. Mkanda unaoteleza hufuta faida yote ya puli, na mwenye gari atasema umemuibia.

Kuhusu springi: vijana wengi hutaka gari lishuke chini. Kwa barabara zetu nasema hapana. Gari hili lina udhaifu pale juu shokomzoba inapofungwa kwenye bodi. Bati hutuna kama uyoga likipigwa na mashimo, na springi fupi huzidisha kipigo. Matairi yake ya kiwandani pia ni yale magumu ya kutembea bila upepo. Tairi la kawaida lenye ukuta mrefu kidogo, pamoja na pampu na dawa ya kuziba pancha ndani ya gari, yatamsaidia mwenye gari kuliko ushaufu.

Breki hazina mjadala. Disiki, pedi, mipira na mafuta mapya ya breki yawe yamekwisha kufanyiwa kazi kabla ya nguvu kuongezwa. Mwenye gari akikataa breki akataka puli tu, fundi ana haki ya kukataa kazi hiyo, na wenzake wamuunge mkono.

Yote haya yakiwa tayari, na mwenye gari bado anataka zaidi, chukua njia ya kadiri. Puli ya asilimia 11 ndiyo kipimo walichokitumia John Cooper Works. Weka plagi zenye ubaridi zaidi kwa daraja moja. Hakikisha mipira ya kuzibia radieta ya hewa haivuji, na mapezi yake hayajalala. Mpango wa kompyuta uandikwe na mtu mwenye mashine ya kupimia moshi na kusoma mgongano gari likiwa linakazwa. Petroli iwe ya okteni ya juu daima, si siku ya Jumapili tu. Gari la namna hiyo litakwenda kazini na kurudi bila makelele, maana likiendeshwa polepole kuna valvu inayofunguka na kuirudisha hewa ya supachaja kwenye mlango wake, na injini hupumua karibu kama ya kawaida.

Sasa habari ya makato. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeorodhesha makato yanayoruhusiwa katika mshahara. Mwajiri hana ruhusa ya kujitungia mengine kwa hasira. Katika shauri la yule kijana kilichotusumbua ni kukosa maandishi: agizo lilitolewa kwa mdomo, na kwa mdomo likakanwa. Fedha zake zilirudishwa baada ya mafundi wenzake wawili kukubali kusema waliyoyasikia. Si kila mahali utapata mashahidi wawili wenye moyo huo.

Kwa hiyo kila kazi ya kuongeza nguvu iandikiwe karatasi. Andika namba ya gari na kilometa zilizosomeka, mbano wa silinda moja moja ulivyopimwa kabla ya kazi, hali ya oili ya supachaja ulivyoikuta, kipimo cha puli iliyotoka na iliyoingia, nani aliyeandika mpango wa kompyuta, na mambo uliyoshauri yakakataliwa. Andika pia nani aliyeagiza kazi. Mwenye gari atie sahihi, na bosi atie sahihi, kabla boneti haijafunguliwa. Nakala moja ikae ofisini. Nyingine aende nayo fundi nyumbani.